Upande wa Kushoto

Kikanisa chetu kilijengwa kwa watu sitini.
Viti vya mwaloni vinatazamana, safu kwa safu,
na kila kiti kina kigae cheupe chenye namba.
Mimi ni thelathini na moja.
Tulikuwa saba.

Saa kumi na moja na nusu, theluji bado ina buluu dirishani,
nashuka ngazi na funguo za sakristia
zikiniuma kiganjani kwa baridi.
Nafungulia mabomba ya joto. Yanagonga, yanagonga,
kama mtu aliyefungiwa nje
asiyelijua jina la mwenye nyumba.
Kisha taa mbili tu, maana umeme ni ghali,
na gombera huzihesabu balbu kuliko anavyotuhesabu sisi.

Zaburi huvuka sakafu kama ndoo
mikononi mwa watu wanaozima moto:
kulia watatu, kushoto wanne.
Wao wanaanza, sisi tunapokea,
na katikati ya mstari, penye ile nyota ndogo,
wote tunanyamaza kwa kiasi cha pumzi moja.
"Msikimbie," husema Padre Kajetonas, "Mungu si garimoshi."
Yeye ana miaka themanini na miwili, na sikio moja limekufa,
kwa hiyo hunyamaza pumzi mbili,
na neno lake la mwisho hubaki hewani peke yake
wakati sisi tumeshafika ng'ambo.
Tulikuwa tukicheka, nyuso ndani ya vitabu.

Vykintas alikaa kulia kwangu, namba thelathini.
Sauti yake ilikuwa ya chini, nzito kama mkate mweusi,
nami niliiegemea miaka miwili bila kujua.
Jumatano ya wiki ya tatu ya Kwaresima
aliikunja kanzu yake juu ya kitanda, vifungo vyote vimefungwa,
akapanda basi la saa sita kwenda Klaipeda.
Hapakuwa na ugomvi. Hapakuwa na msichana, kama walivyonong'ona jikoni.
Aliniambia tu: "Domantas, nimechoka
kuigiza kwamba nasikia."

Basi sasa ni watatu kwa watatu.
Mgeni angedhani mizani imekaa sawa.
Lakini jioni ile zamu yetu ilipofika
upande wa kushoto ulipungua kwa zaidi ya mtu mmoja,
nikaisikia sauti yangu mwenyewe,
nyembamba, imevuliwa koti.

Kitabu chake cha sala bado kipo kitini.
Utepe mwekundu umelala Jumanne, penye Sala ya Mwisho.
Gombera aliniagiza nikiondoe; nikasahau mara tatu.
Kusahau mara tatu, katika nyumba hii,
kunaitwa kwa jina jingine.

Jana homa iliwalaza wenzetu wote.
Masifu ya Asubuhi: mimi na Padre Kajetonas,
yeye kule, mimi huku,
sakafu katikati yetu kama ziwa lililoganda.
Alitupa mstari wake. Nikaurudisha.
Penye nyota nilingoja pumzi moja,
na badala ya kumwacha nyuma
nikaingoja na ile ya pili.

Ndani yake hamkuwa na malaika.
Mlikuwa na bomba likigonga,
nta ikidondoka juu ya shaba,
Bi Stanislava akiburuta sufuria ya uji huko jikoni,
na taa nyekundu ya tabernakulo ikitetemeka
kwa upepo unaoingia nisikokujua.
Sikusikia kitu, Vykintas. Nakuandikia kweli tupu.
Lakini sikuigiza.

Kwenye Atukuzwe Baba yule mzee aliinama,
akakawia huko chini, mkono umeshika kiti,
na alipoinuka alikitazama kigae namba thelathini
kwa macho ya mtu anayengoja apokezwe mstari.

Leo nimeusogeza utepe wako hadi tarehe ya leo.
Usinielewe vibaya, sikuiti.
Kitabu kikilazwa ukurasa mmoja muda mrefu
uti wake huvunjika.